Faili Lisilopigiwa Hodi

Nimeishi na mafaili kwa zaidi ya nusu ya umri wangu. Kwanza nilikuwa karani wa masijala katika ofisi moja ya serikali, na baadaye nikawa mwenye kibanda cha steshenari huku Tandika, wilayani Temeke, hatua chache kutoka sokoni. Kazi ya kwanza ilikoma katikati ya miaka ya tisini, wakati serikali ilipokuwa ikipunguza watumishi wake kwa maelfu. Jina langu lilikuwamo katika orodha ya wanaopunguzwa, na karatasi zenye orodha hiyo nilizipokea mimi mwenyewe zikiwa zimekunjwa, nikazigonga muhuri wa tarehe kwa nyuma, nikazitia katika faili lake na kulipeleka kwa mkubwa bila ya kuzisoma. Wanangu nikiwasimulia hucheka. Mimi sikucheka wakati ule, lakini pia sikujuta. Nilijiona nimefanya kazi yangu sawasawa hadi dakika ya mwisho.

Vijana wengi wa leo hawaijui masijala, kwa hiyo niieleze kidogo. Ofisi kubwa ilikuwa na masijala mbili, ya wazi na ya siri. Kila faili lilikuwa na jalada, namba na jina, na kila karatasi iliyoingia ndani yake ilipewa namba yake kwa mfuatano, ili isiweze kuchomolewa bila ya pengo kuonekana. Afisa aliyetaka faili aliliagiza; karani aliandika katika daftari nani amelichukua na lini, na aliporudisha akaandika tena. Karani hodari aliweza kukutolea faili lolote gizani. Lakini ukimwuliza limeandikwa nini, jibu lake lilikuwa moja tu: kamwulize mwenye kulisoma. Mtunzaji hakuwa msomaji. Hapana shaka wapo makarani waliosoma, na wengine waliuza walichosoma, lakini walijua kwamba wanaiba. Kanuni ilikuwapo hata pale ilipovunjwa.

Sasa nije kwenye kompyuta, ambayo wataalamu wetu wa lugha wamewahi kutupendekezea tuiite ngamizi, na wengine tarakilishi, nasi watu wa mitaani tukaendelea kuiita kompyuta. Ndani yake mna programu nyingi, lakini mwenye steshenari huishi na mbili. Moja ni ile inayokuonyesha mafaili yaliyomo, yakiwa yamepangwa katika folda. Hiyo ndiyo masijala ya kompyuta, nami nitaiita hivyo. Ya pili ni ile inayofungua hati ili uisome kwenye kioo kabla ya kuichapa. Hii nitaiita kisomeo. Na swali ninalotaka kulijadili hapa ni hili: ni kisomeo gani kinachofaa kuishi na masijala hiyo?

Naona msomaji akishangaa. Swali kama hili fundi yeyote wa Kariakoo atakujibu akiwa bado ameshika bisibisi. Atakwambia chagua kisomeo kinachopatana na masijala, kiasi kwamba ukigusa faili mara mbili linafunguka papo hapo, na hata kabla hujaligusa uone picha ndogo ya ukurasa wake wa kwanza, ili usihangaike kufungua moja moja. Nami kwa miaka kadhaa niliamini hivyo.

Nilifungua kibanda mwaka 2009 nikiwa na mashine moja ya kutoa kopi, kompyuta moja iliyokwisha kutumika, printa na skana. Adui yangu wa kwanza alikuwa virusi. Mteja alileta flashi yake, nikaichomeka, na mara mafaili yake yote yakatoweka, badala yake yakabaki majina matupu yasiyofunguka. Mteja hakuamini kwamba ugonjwa alikuja nao yeye. Siku moja kijana wa jirani yangu, aliyekuwa akisoma chuo, aliniletea sidii ya Ubuntu. Wakati ule waliokuwa wakiitengeneza walikuwa wakituma sidii hizo bure kwa posta popote duniani, hadi walipoacha mwaka 2011. Mradi huo ulianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni lile lile neno letu la utu, limevaa tu nguo za kusini. Kijana alinieleza pia kwamba mwaka huo huo wa 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wametoa programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Nilifurahi kusikia. Virusi vya zile flashi havikuweza kuidhuru mashine yangu tena, na kwa mwenye steshenari hilo peke yake lilitosha.

Hati nyingi nilizoletewa zilikuwa za PDF. Aina hii ya faili ilitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, na ubora wake ni kwamba ukurasa huganda. Barua iliyoandikwa kwa programu ya kawaida, ukiifungua kwenye kompyuta nyingine, mistari inaweza kuhama na sahihi ikajikuta ukurasa wa pili peke yake. PDF hubaki kama ilivyopangwa na mwandishi wake. Mwaka 2008 muundo wake ukawa kiwango cha kimataifa, lakini hata kabla ya hapo maelezo yake yalikuwa wazi, kwa hiyo watu wengi waliweza kutengeneza visomeo vyao. Ndiyo sababu mtu anaweza kuchagua. Kipo Xpdf, cha tangu 1995, kikavu kama mkate wa juzi. Kipo Sumatra kwa wenye Windows, chepesi, unaweza kukibeba ndani ya flashi. Wapo wanaotumia Okular. Mimi nilikikuta Evince, ambacho tangu mwaka 2005 kilikuwa kimefanywa kuwa mwenzi wa masijala ya mashine kama yangu. Mapatano yao yalikuwa mazuri mno. Masijala ilikuwa na picha za kuonyesha, na kisomeo ndicho kilichomchorea picha hizo: ukifungua folda tu, kimya kimya kinapita kila faili, kinatazama ukurasa wa kwanza, kinauchora kwa udogo na kuubandika juu ya jina. Macho yangu yalikuwa yameanza kuchoka, basi nikazikuza picha hizo hadi zikawa karibu ukubwa wa kiberiti. Nilizipenda. Wateja hutaja mafaili yao majina ya ajabu, kama vile “CV mpya”, “CV mpya ya mwisho”, “CV ya mwisho kabisa”, na bila ya picha hakuna mwenye kujua ipi ni ipi.

Mwaka 2012 alikuja mtu mzima mmoja, mtoto wa rafiki yangu wa kijiwe cha kahawa, aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alitaka nimskanie karatasi. Ilikuwa hati ya mauziano ya nyumba, yenye picha mbili za pasipoti zilizobandikwa juu, ya muuzaji na ya mnunuzi, na chini sahihi za mashahidi. Mtu anaposkani hasomi, lakini hutazama kama karatasi imekaa sawa, na jicho halina mlango. Niliona kwamba nyumba ni ile ya marehemu, iliyoko upande wa Mtoni, na kwamba muuzaji anaeleza kuwa ni mali yake binafsi. Mimi nilijua kwamba marehemu ameacha watoto wanne, na kwamba mabinti wawili wanaishi humo humo, mmoja ana watoto. Nilijua pia kwamba mirathi haijafunguliwa mahakamani na hakuna msimamizi aliyeteuliwa, na bila ya msimamizi mtoto mmoja hana mamlaka ya kuiuza nyumba ya wote. Nilichukua shilingi zangu, nikamrudishia karatasi yake, na nakala nikaiweka katika folda ya kazi za wateja kwa sababu alisema atarudi kuituma kwa barua pepe. Sikumwambia mtu. Karani hasomi.

Siku mbili baadaye akaja mdogo wake, kuchapa CV. Hakujua lolote. Alisimama pembeni yangu, ndani ya kaunta, kwa vile kibanda chenyewe ni kidogo na mvua ilikuwa ikinyesha. Nikafungua folda. Picha zikajipanga kwenye kioo kama karata. Maandishi ya picha hizo hayasomeki, ni michirizi tu. Lakini uso wa mtu unasomeka hata ukiwa mdogo kama kucha.

“Mzee,” akasema, “huyo si kaka?”

Nikajaribu kuifunga folda. Haraka yangu ndiyo iliyonisaliti kuliko picha yenyewe. Akaniangalia, akaangalia kioo, akaniuliza tena, safari hii kwa adabu zaidi, na adabu ile ilikuwa nzito. Nikasema, “Baba, hayo ni ya mwenyewe, kamwulize mwenyewe.” Akaondoka bila ya kuchukua CV yake.

Yaliyofuata sitayasimulia kwa urefu, kwa kuwa ni ya familia ya watu. Kiliitishwa kikao cha ukoo, shauri likafika Mahakama ya Mwanzo, msimamizi akateuliwa, na mauziano yakasimama. Kaka mtu alinijia dukani jioni moja wakati nikifunga. Hakupiga kelele. Alisema, “Shikamoo mzee,” nikaitikia, kisha akasema, “Nilikulipa uifanyie kazi karatasi yangu, sikukulipa uitundike ukutani.” Nilitaka kumjibu kuhusu dada zake. Akanikatiza kwa kuniambia jambo nisilolijua, kwamba alikuwa na mgonjwa ndani aliyehitaji kupasuliwa, na kwamba ndugu zake aliwaendea kwanza wakamwambia hawana kitu. Sijui kama hilo linahalalisha alichofanya, nadhani halihalalishi. Lakini mbele yake nilikuwa na deni, nalo si deni la nyumba. Alinipa amana, ikatoka mikononi mwangu.

Nilimwita yule kijana aliyeniletea sidii, nikamwomba aniondolee picha. Yeye, kama walivyo vijana, akaona kwanza anionyeshe kitu. Akafungua folda iliyofichwa, ambayo kwa siku zote hizo sikujua kama ipo, na ndani yake mlikuwa na picha ndogo kwa mamia. Kumbe kila ukurasa uliochorwa hubakizwa humo ili usichorwe tena, na unaweza kukaa kwa siku 180 kabla ya mashine kuufagia yenyewe. Flashi inaondoka na mwenyewe, faili linaondoka ndani ya flashi, lakini picha ya ukurasa wake wa kwanza inabaki kwangu. Tulizipitia kwa muda. Niliona vyeti vya ndoa, vya kuzaliwa, karatasi za hospitali, barua ya kijana akimwomba radhi mwajiri, picha ya maiti iliyokusudiwa kwa ratiba ya mazishi. Nikamwambia azime kioo. Katika masijala ya zamani, ili nipate kujua yote hayo ingenibidi niwe mwizi kwa miaka mingi. Hapa nilikuwa nimeyapokea yote bila ya kunyoosha mkono.

Usiku ule nilifikiri sana juu ya hodi. Kwetu Temeke mlango wa mbele mchana huwa wazi, na mara nyingi hakuna zaidi ya pazia. Hata hivyo mgeni hupiga hodi, atarudia hadi mara tatu, na asipojibiwa huenda zake. Mlango kuwa wazi si ruhusa. Na mwenye nyumba hasemi “karibu” papo hapo. Yuko anayejifunga khanga vizuri, yuko anayesogeza beseni la nguo, yuko anayemnyamazisha mwenzake waliyekuwa wakigombana. Ule muda mfupi kati ya hodi na karibu ndimo utu wa watu wawili unamokaa. Kiswahili chetu pia kinalijua jambo hili: kupokea barua ni tendo moja, kuifungua ni tendo jingine, kuisoma ni la tatu, na mtu aweza kukupa ruhusa ya moja akakunyima la pili. Kisomeo kinachopatana mno na masijala huyafanya yote matatu kuwa moja, tena kabla hujaamua kufanya hata moja. Mafundi huita hali hiyo urahisi, nao hawasemi uongo. Ila walichokiondoa njiani ili safari iwe fupi ni ile hodi.

Nikabadilisha. Nilizima picha zote, nikaifuta ile folda iliyofichwa, na kwa hasira nikaweka kile kisomeo kikavu cha 1995, kisichojuana na mtu. Masijala ikabaki majina matupu. Nilijisikia karani tena.

Msimu huo huo wa wanafunzi kuomba mikopo ya elimu ya juu, kibanda kilijaa. Wanafunzi hujaza maombi, huchapa fomu, huzipeleka zikatiwe sahihi na mihuri, huambatisha vyeti, na siku ya mwisho huwa haisubiri mtu. Binti mmoja aliniachia kazi yake akakimbilia daladala. Nikamwandalia bahasha, nikachapa cheti cha kuzaliwa kutoka faili lililoandikwa “scan0001”. Lilikuwapo jingine la jina hilo hilo katika folda ya jirani, la msichana mwingine. Bila picha sikuona tofauti, na kwa kuwa nilikuwa nimeapa kutotazama, nilipolichapa nililigeuza uso chini na kulitia katika bahasha. Nilijivuna hata kwa kugeuza kule. Aliyegundua ni mama yake, usiku, aliyekuja kugonga mlango nyumbani kwangu akiwa na kandambili za miguu tofauti. Tulirudi dukani kwa taa ya simu. Ilirekebishwa, bado siku moja. Lakini fikiria, msomaji, kama mama yule angekuwa na tabia kama yangu ya kutofungua bahasha za watu. Mwanawe angekosa mkopo kwa ajili ya heshima yangu.

Hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba swali langu la kisomeo nilikuwa nimeliuliza vibaya. Nilidhani upande mmoja pana kuona, ambako ni uovu, na upande mwingine pana kutoona, ambako ni uaminifu. Watu wa Temeke hawaishi hivyo hata kidogo. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati na vyumba vitatu huku na vitatu kule, na aghalabu kuta za ndani hazifiki kwenye paa. Anayekohoa chumba cha kwanza husikika cha sita. Ugomvi wa usiku, kilio cha mtu aliyefiwa kimyakimya, hesabu za fedha zisizotosha, vyote husikika. Asubuhi watu hukutana bombani wakaulizana “umeamkaje” na kujibiana “salama”. Mgeni kutoka mbali angesema huo ni unafiki. Mimi naona ndiyo sitara: nimesikia, nawe unajua kwamba nimesikia, nami ninakufunika. Hailindwi na ukuta bali na mtu. Tena mtu huyo huyo aliyefunika mambo ya kila siku, akisikia mwanamke anapigwa hadi anakaribia kufa, atavunja mlango bila ya kupiga hodi, na hakuna atakayemlaumu. Wanaofunika ni wale wenye masikio. Kiziwi hawezi kusitiri kitu.

Nikitazama nyuma, karani niliyekuwa nikijisifia alikuwa na kiasi cha ukiziwi ndani yake. Sisemi masijala ilikosea. Kanuni ya kwamba mtunzaji asisome ilikuwa nzuri, na nchi inahitaji mahali ambapo karatasi hukaa salama. Lakini mimi niliitumia kanuni ile nje ya mahali pake. Nilipoiona hati ya nyumba ya Mtoni nilikuwa nimekwisha kusoma. Neno “karani hasomi” lilikuwa uongo niliojiambia ili nisilazimike kuamua. Ningeweza kumwambia kaka mtu, kwa sauti ya mtu aliyemjua baba yake, “Mwanangu, dada zako wanajua?” Hapo nisingekuwa nimetoa siri ya mtu yeyote, kwani ningemwambia mwenye siri mwenyewe. Labda angenitukana. Labda angenieleza habari za mgonjwa wake miezi kadhaa mapema, wakati bado palikuwa na la kufanya.

Siku hizi iko sheria. Katiba yetu ya 1977, katika Ibara ya 16, tayari ilikuwa imempa kila mtu haki ya faragha ya nafsi yake, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inayomtaka mwenye kukusanya taarifa za watu azitumie kwa kusudi alilopewa na azilinde zisifikiwe na asiyehusika. Niliisoma nikijipima. Kwa kile kilichotokea kwenye kioo changu, iwe ni zamani au leo, sina la kujitetea: niliacha wazi kilichopaswa kufungwa. Kwa kunyamaza kwangu siku mbili kabla yake, sikuona humo kifungu kinachonigusa. Kwa hiyo kosa ambalo sheria ingeniadhibia ndilo lililowaacha mabinti wale chini ya paa la baba yao, na lile ambalo haliniadhibii ndilo linaloninyima usingizi. Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu wa Chang'ombe, huniambia kwamba hapa ninachanganya matokeo na wajibu, na kwamba bahati njema haiwezi kugeuza uzembe ukawa wema. Nakubaliana naye juu ya uzembe. Bado sijakubaliana naye juu ya ule ukimya.

Msomaji aliyenunua kompyuta jana na anayetaka tu kujua achague nini, nimpe jibu langu bila kumchosha zaidi. Kile kikavu nilikitoa. Wateja walikicheka na mimi pia kilinichosha. Nilirudi kwa Evince, kwa sababu kinafungua haraka na hakinichezeshi. Mapatano yake na masijala nimeyakata mahali pamoja tu: nikigusa faili linafunguka, lakini hakuna picha inayochorwa kabla sijagusa. Kila mteja ana folda yake yenye jina lake na tarehe, nayo hufutwa jioni akiwa hakusema vinginevyo. Kioo nimekigeuza kiangalie ukuta, na ndani ya kaunta haingii mtu hata mvua ikinyesha mawe. Na kabla ya kufungua huuliza, “Nifungue?” Vijana hunicheka. “Fungua bwana mzee, foleni hiyo!” Nafungua, natazama ukurasa wote, nahakikisha jina ni lake, nachapa. Natazama kwa ruhusa. Wako wachache, hasa wanaokuja na karatasi za mirathi na ndoa, ambao ni wengi tangu kilipoanza mwaka 2021 kile kituo cha mahakama cha masuala ya familia hapa Temeke, ambao nikiwauliza hivyo hunyamaza kidogo. Wengine husema, “Ngoja kwanza,” wakaichukua flashi na kunionyesha wenyewe faili ni lipi na ukurasa ni upi. Mama mmoja asiyejua kusoma aliniambia, “Fungua, na unisomee, na ukisha kunisomea usahau.” Nilimwahidi mawili ya kwanza.

Mwaka jana nilipita Mtoni kwa ajili ya msiba. Njia ilinipitisha mbele ya nyumba ile. Binti mkubwa wa marehemu alikuwa barazani akichoma vitumbua, nywele zimeanza mvi. Aliponiona aliinuka, akafuta mikono kwenye khanga, akanishikamoo. Akanifungia vitumbua sita katika gazeti na kukataa fedha. Akasema, “Mzee, sisi tunakuombea. Usingesema wewe siku ile, leo tusingekuwa hapa.”

Nikafungua mdomo nimwambie kwamba sikusema. Nyuma yake watoto walikuwa wakitoka shule, mmoja akaniomba kitumbua. Nikampa, nikamwitikia mama yake amina, nikaendelea na njia yangu ya kwenda msibani.